Arobaini ya Panya wa Jangwani

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia, kila aliyetoka Dar es Salaam alirudi Kibiti na kitu kigeni. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alituletea panya wawili. Hawakuwa panya wa darini. Walikuwa wa jangwani, wa kufugwa, rangi ya mchanga, mikia ina manyoya. Niliwapenda siku ileile.

Mke wangu hakuweza kukataa zawadi ya kaka yake, ila aliweka sharti. "Baba watoto, wawili nimekubali. Siku nikimwona wa tatu, wote nje, na wewe uwafuate."

Ilinibidi nijue jinsia zao. Walikuja na karatasi ya Kiingereza, nikaisoma kwa kamusi jioni mbili. Ilisema matundu mawili ya chini ya mkia, kwa dume, yameachana; kwa jike yanakaribia kugusana. Nilikata njiti ya kiberiti iwe kipimo, nikamwita jirani awe shahidi. Ni mtani wangu, tena ni ngariba. Niliona hakuna mwenye jicho lililozoea zaidi.

Nilitia mkono bandani, kwenye makumbi ya nazi waliyolalia, nikatoa mmoja, nikampindua. Njiti ilienea kati ya matundu.

"Dume," alisema mtani. "Ila huyu hajaenda jando. Nikalete kisu?"

Nikamrudisha, nikatia mkono tena, nikatoa mwingine. Njiti ilienea vilevile, bila kupungua.

"Naye dume. Mtani, umefuga makapera."

Nilimtangazia mke wangu matokeo. Baada ya wiki nne, asubuhi, aliniita kwa ile sauti yake ya upole ambayo naiogopa kuliko kelele. Ndani ya makumbi kulikuwa na vitoto vitano vyekundu, havina hata unyoya.

"Makapera wamejifungua," alisema.

Nilipima upya, safari hii nikimpaka hina mkiani kila niliyemaliza. Ndipo nikaelewa. Mmoja ni mpole, huja mwenyewe mkononi, mwenzake hujificha. Siku ile nilimpima mpole mara mbili.

Nikabeba banda kuelekea mlangoni. Mke wangu akanizuia.

"Unampeleka wapi mzazi? Mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini."

"Mke wangu, huyu ni panya."

"Kazaa, hajazaa?"

"Kazaa."

"Basi. Siku arobaini, halafu nje."

Kesho yake nilimtenga dume, nikaanza kuhesabu siku. Siku ya thelathini na tatu jike alizaa tena, sita. Nyuma ya karatasi, upande ambao sikuwa nimeusoma, iliandikwa kwamba jike anaweza kushika mimba siku ileile anayojifungua.

Mke wangu aliwatazama, akaurudia ukili aliokuwa akisuka. "Anza moja," alisema.

Mtani alichungulia dirishani. "Na hao watano wa mwanzo? Naona wanakua. Umewapima?"

Nilikwenda kutafuta hina.