Babka Hutaka Kimya

Kule mkoani Podlasie, kwa lugha ya huko, baba si mzazi wa kiume, ni ajuza. Ukilifanya jina hilo dogo, kwa kupenda au kwa kudharau, linakuwa babka. Babka pia ni jani la njiani linalobandikwa kwenye jeraha, ni kilima cha mchanga anachofinyanga mtoto, na ni keki ndefu ya Pasaka, yenye mikunjo kama sketi ya bibi.

"Babka, sogea nipite," Wioletta, mke wa mwanawe, alimwambia Apolonia kila siku, na haikuwa kwa kupenda.

Mumewe alipokufa, Apolonia alimwandikia mwanawe Zenon nyumba na shamba. Yeye akabaki na kitanda, na tanuri la vigae alilopikia tangu aolewe. Sasa Wioletta akataka jiko la gesi, tanuri livunjwe. Apolonia hakugombana. Aliingoja Pasaka. Zenon akionja babka iliyookwa humo, moyo utamrudi.

Alhamisi Kuu akakanda unga kwa viini vya mayai na zafarani. Babka ikiumuka, watu hawasemi, sauti huishusha.

Zenon akaingia na fundi.

"Mama, fundi amekuja kupima. Tulivunje, au vipi?"

Apolonia akaweka kidole mdomoni.

"Mama yangu naye hivyo hivyo," fundi akanong'ona. "Wiki ya babka, nyumba inakuwa kaburi."

"Kama hutaki, sema, mama," Zenon akaongeza. "Sikulazimishi."

Unga ulikuwa umefika ukingoni mwa chombo, unatetemeka. "Sitaki" ilikuwa ulimini. Akaimeza, ataisema Zenon akishaionja babka.

"Haya, amekubali," Zenon akasema, akaufunga mlango taratibu, kwa adabu.

Babka ilitoka imesimama. Akailaza juu ya mto wa manyoya ipoe bila kubonyea. Jumapili Zenon alikula, akaongeza, akaongeza tena.

"Mama, hii haina mwenzake."

"Ni tanuri hilo. Usilivunje, mwanangu."

Akaacha kutafuna. "Si nilikuuliza, ukanyamaza? Fundi keshalipwa."

"Niliinyamazia babka."

"Basi na gesi uinyamazie," Wioletta akasema, akacheka peke yake.

Jumanne fundi alianza na vigae vya juu. Apolonia aliketi papo hapo jikoni, akisema "sitaki" kila nyundo ilipotua, mpaka Wioletta akamwomba asogeze kiti, toroli lipite.