Vidonge alivyogawa mama

Asubuhi mama alikuwa hawezi kuinua mikono afunge kitambaa kichwani. Mabega na nyonga vilikakamaa mpaka jua lipande. Hapa Nsemulwa wote tulisema ni uzee. Daktari alimpima damu, akasema huo ni ugonjwa wa misuli, akampa vidonge. Siku chache tu mama akawa anatwanga, ananitania, "Mwanangu, sasa mzee ni wewe!"

Akaona amepona. Vidonge vilivyobaki akampa mama jirani anayeumwa magoti, kama tunavyogawiana chumvi. Daktari alikataza kuviacha ghafla, ila sina hakika kama mama alimwelewa vizuri. Kichwa kikaanza kumuuma, kisha jicho moja likapofuka. Daktari akasema ni ugonjwa uleule, umepanda kichwani kwa kuacha vidonge.

Jirani analia kuliko mimi. Mama anambembeleza, "Nyamaza, mwenzangu. Nilikupa mwenyewe."