Aligombea Udiwani, Hakushinda

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa natandika kitanda cha mzee mmoja, pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, Croydon, huku ughaibuni. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaisoma haraka haraka. Yule kijana wetu aliyegombea udiwani mwaka jana ameanguka kazini kwake, kwenye ngazi za jengo moja la ofisi, na amefika hospitali akiwa ameshakata roho. Moyo, walisema. Miaka ishirini na tisa. Nikarudisha simu mfukoni, nikamalizia kukunja kona za shuka, nikamuuliza mzee kama anataka chai. Alitaka, nikampa. Wasomaji wangu mnanijua, mimi ni mtu wa kulia haraka, tramu ikinipita tu machozi ya hasira yananitoka. Safari hii hakuna kitu. Mpaka naandika hapa hakuna kitu. Ni kama ukitoka kung'olewa jino, unagusa shavu, unajua ni lako, lakini halina habari na wewe.

Sikuwa rafiki yake wa karibu, nisijipe cheo. Nilimfahamu kwa sababu ya uchaguzi tu. Kiti cha diwani kwenye kaunsili, yaani halmashauri ya eneo letu, kilibaki wazi, naye akaamua kugombea, peke yake, bila chama. Alikuwa fundi wa ving'ora vya moto, anazunguka kwenye maghorofa ya ofisi kupima kama vinalia. Alikuja hapa kutoka Songea akiwa na miaka kumi na tano, akalelewa na baba yake mdogo, akasoma, akapata uraia. Alinifuata baada ya misa siku moja akasema amesoma safu yangu gazetini, anaomba nimsaidie kuandika kikaratasi cha Kiswahili cha kupita nacho milangoni. Nikamwambia, "Kaka, Waswahili wa hapa hawapigi kura." Akasema, "Hawajawahi kuombwa." Nikakubali, nikiamini itakuwa kazi ya wiki moja. Ikawa Jumamosi zangu zote za miezi miwili, na Jumamosi ndiyo siku ninayolala.

Mlango ninaoukumbuka kuliko yote ni wa mama mmoja wa Tanga, ghorofa ya tisa, jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa. Tulipanda kwa miguu, tukafika tunahema. Mama akafungua, akatutazama, akasema, "Karibuni, viatu hapo nje. Haya mheshimiwa, lifti yetu unaitengeneza lini?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Lifti si ya kaunsili, ni ya kampuni yenye jengo. Nikishinda nitawaandikia barua. Nisiposhinda pia nitawaandikia. Ila kusema nitaitengeneza, siwezi kukuahidi."

"Mwenzio aliyekuja jana kaahidi."

"Basi mpe yeye kura, mama. Ikitengenezwa utakuwa umepata."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, siasa huijui wewe. Kaa unywe juisi, umepanda ngazi bure." Tukanywa juisi. Tulipokuwa tunashuka mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nikamwambia, "Kaka, ungesema ndiyo tu yakaisha. Nani atakuja kukuuliza?" Akanijibu bila hata kugeuka, "Yeye. Tunapanda treni moja kila siku."

Kulikuwa na kaka mwingine, mpishi, mtu wa Kigoma. Yeye hakutaka hata kufungua mlango wote. Aliamini kabisa kwamba ukiandikisha jina lako kwa ajili ya kura, jina linavuka barabara moja kwa moja hadi kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji lililo hapa mjini kwetu, na barua ya kuondoka inakufuata. Na msicheke, wengi wenu mnaosoma hapa mnaamini hivyo hivyo, nawajua. Mgombea akamuuliza, "Una kibali cha kukaa?" Akasema anacho, kinaisha mwakani. "Basi kura unayo. Sisi Watanzania ni watu wa Jumuiya ya Madola, sheria ya hapa inaturuhusu kupiga kura za kaunsili." Kaka akauliza, "Una uhakika?" Akamjibu, "Wa kura, ndiyo. Wa kibali chako kijacho sina, mimi ni fundi wa ving'ora." Nadhani ni hilo jibu la pili lililomfanya afungue mlango. Alijiandikisha kwa simu yake palepale, tumesimama, wanawe wanatutazama kutoka sebuleni na kuulizana kwa Kiingereza kama sisi ni watu wa polisi.

Hakushinda. Alizidiwa kwa kura chache, lakini kuzidiwa ni kuzidiwa. Mimi niliona yameisha, Jumamosi zangu zimerudi. Wiki iliyofuata akanipigia simu kwamba anarudi kwenye milango yote kuwaambia watu kuwa ameshindwa. Nilimwambia matokeo yako kwenye mtandao, kila mtu anajua. Akasema, "Niliwaomba uso kwa uso, siwezi kuwaambia kwa mtandao." Nilimsindikiza siku moja tu, nakiri, na muda wote nilikuwa naangalia saa. Kwa mama wa Tanga alisimama mlangoni akasema, "Nimekuja kukuambia nimeshindwa, mama. Barua ya lifti niliwaandikia, nakala yako hii. Hawajajibu." Mama akaichukua ile karatasi, akaitazama mbele na nyuma. Akasema, "Hapa hata wanaoshinda hawarudi." Hakucheka siku hiyo.

Sasa nije kwenye msiba. Mwili ulikuwa unasafirishwa kwenda Songea, na kabla ya hapo kulikuwa na kuaga hapa, kwenye ukumbi wa kanisa. Mnajua taratibu zetu: lazima isomwe historia ya marehemu mbele ya jeneza, alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya nini. Karatasi hiyohiyo ingesafiri na mwili na kusomwa tena kule nyumbani, mbele ya mama yake. Kwenye kikao cha msiba wakasema niandike mimi, kwa kuwa naandika gazetini. Baba yake mdogo alikuwa ameketi pembeni, koti hajalivua, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Nilipofika sehemu ya uchaguzi akainua mkono. "Hapo andika, aliwahi kuwa diwani."

Nikamwambia, "Baba mdogo, hakuwa."

"Najua hakuwa. Siku ya matokeo nilipiga simu nyumbani nikasema ameshinda. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, mwanangu, nikashindwa kuyabadilisha. Wakamtangaza kanisani. Shemeji yangu watu wanamwita mama diwani mpaka leo. Sasa unataka siku anamzika mwanawe, asomewe kwamba alidanganywa?"

Dada mmoja akasema, "Andika tu, mdogo wangu. Marehemu hatadaiwa." Nikaandika. Nawaambia ukweli, niliandika bila kubishana, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu sikuhisi chochote. Aliwahi kuwa diwani. Maneno matatu. Nikachapisha nakala mbili, nikaweka kwenye bahasha.

Siku ya kuaga ukumbi ulijaa kuliko nilivyotegemea. Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye kinara karibu na jeneza ili mama yake afuatilie kutoka Songea. Uso wake ulikuwa mdogo kwenye kioo, kitenge kichwani, wanawake wamemzunguka. Nilikuwa nimesimama nyuma na bahasha yangu nikaanza kuangalia nani amekuja. Mama wa Tanga, na mtandio mweusi. Yule mpishi wa Kigoma, amevaa tai. Wengine wengi ambao sikujua majina yao, niliwajua kwa milango yao. Mpishi akanisogelea akaninong'oneza, "Dada, ile ilikuwa kura yangu ya kwanza tangu nizaliwe. Aliposhindwa alikuja kunishukuru. Nikasema huyu ni mwendawazimu." Akatikisa kichwa akaenda kukaa.

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nakwenda kufanya. Ukumbi mzima ulikuwa umeambiwa na yeye mwenyewe, uso kwa uso, kwamba ameshindwa. Nikisoma ile karatasi, wote watakaa kimya kwa adabu ya msiba, na kila mmoja atajua kwamba kumbe na huyu mwisho wake umekuwa wa uongo kama wengine. Na upande wa pili wa simu kuna mama mmoja. Nilitembea mpaka mbele sijaamua. Nikasoma kuzaliwa, nikasoma shule, nikasoma kazi. Nikafika pale. Nikasema, "Aligombea udiwani mara moja. Hakushinda. Alirudi kwa waliompigia kura na wasiompigia, akawaambia." Nikaendelea hadi mwisho. Sikuthubutu kumtazama baba yake mdogo.

Sauti ikatoka kwenye simu. "Mwanangu unayesoma. Rudia hapo kwenye uchaguzi."

Nikarudia.

"Ndivyo alivyoniambia," mama akasema. "Alinipigia kutoka kulekule walikohesabu, wanakunja meza. Akasema, mama, nimeshindwa. Nikamwambia kale kwanza. Baadaye shemeji akapiga na furaha yake yote, nikaona, huyu ndiye aliyenilelea mtoto, nimnyang'anye na hilo? Nikanyamaza. Watu wakaniita mama diwani, nikaitika. Yeye alikuwa ananiambia kila wiki, mama, kaseme. Sikusema. Shemeji, nisamehe na mimi."

Mzee aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Alikuja pale mbele, akaniomba ile karatasi, akatoa kalamu kwenye koti. Akaweka karatasi juu ya kiti, akainama, akafuta yale maneno matatu, akaandika juu yake kwa mkono: hakushinda. Chini kabisa akaongeza, "Mimi baba yake mdogo ndiye niliyesema alishinda. Haikuwa kweli." Akasaini jina lake kamili, akaniambia niweke hiyo ndiyo isafiri. Nikaiweka.

Nimekaa siku kadhaa nikifikiri kwa nini wale watu watatu, wanaopendana hivyo, walibeba kitu hicho kwa zaidi ya mwaka. Nikajibu mwenyewe, kwa sababu hata mimi ninafanya. Nyumbani wanajua nafanya kazi hospitali. Sijawahi kusema hospitali, nimesema tu nahudumia wazee, wakamalizia wenyewe, nikawaacha. Huku kila mmoja wetu ana cheo alichopewa na simu. Tunapiga picha mbele ya majengo tusiyoingia, tunatuma. Halafu tukikutana Jumapili tunalalamika kwamba wanasiasa, wa huku na wa kule, ni waongo, hawaaminiki, ndiyo maana hatupigi kura. Tunataka watu wakweli watoke wapi? Yule kijana alikuwa na ujasiri wa kugonga mlango wa mtu asiyemjua na kumwambia ameshindwa, lakini kwa familia yake ukweli wake haukupata pa kukaa, kwa sababu sisi tulishaandaa shangwe.

Jana nilimpigia mama yangu, nikamwambia ni nyumba ya wazee, naogesha watu, natandika vitanda. Akauliza kama wazee wenyewe ni wakorofi. Nikasema wawili. Tukaendelea na mambo mengine. Machozi bado hayajaja, na sijui yatakuja lini. Ila nililojifunza kwenye msiba huu ni hili: mtu wako akikupigia simu akakwambia ameshindwa, pokea habari yake hivyo hivyo ilivyo, mwambie akale, na ukiulizwa na jirani, sema alivyosema yeye.