Tulivyoikandika Nyumba ya Mbwera

Nilipoletwa Mbwera kuwa mke wa mtu, nyumba niliyoingizwa ilikuwa na miti mizuri kuliko nyumba yoyote ya kwetu Mkongo, na zaidi ya miti haikuwa na kitu. Mume wangu alikuwa mkata mikoko. Nguzo zake zilikuwa boriti zilizonyooka, fito zimefungwa zikakaza, na makuti juu yalikuwa mapya yakinukia. Lakini udongo ulikuwa umeishia kiunoni. Kutoka hapo kwenda juu ukuta ulikuwa mbavu tupu, na jirani aliyepita njiani aliweza kunisalimu nikiwa ndani nasuka nywele.

"Tutamalizia," mume wangu aliniambia, akizitazama zile mbavu kama mtu anayeona haya kwa mgeni.

Hakuwa mwongo. Ila kazi yake ilifuata maji, na maji hayamsubiri mwenye ukuta wa kukandika. Yakitoka alfajiri, yeye na wenzake walikwisha ingia mikokoni na mashoka; yakijaa, walirudi na mitumbwi imezama nusu kwa uzito wa boriti, wamechoka hawasemi. Mimi nami nilikuwa na shamba la mpunga. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, katika miaka ya vita vile vya pili, na majahazi ya kununua boriti yalikuwa yakija mara chache. Dukani nguo zilikuwa hakuna, mafuta ya taa tukiombana kikombe kwa kikombe. Mtu akikuambia amepata msumari, ulimwuliza ameupata wapi.

Nyumba niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya shangazi yangu kule Mkongo. Chumba chake kilipakwa chokaa mpaka darini, na juu ya ile chokaa alichora maua kwa masizi ya chungu, na sahani za maua zilitundikwa ukutani kwa kamba. Nilipoolewa alinipa sahani mbili kati ya zile. Nilizileta zimeviringishwa ndani ya khanga, na kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kuzitundika, zilikaa humo humo kwenye pakacha, chini ya kitanda.

Mama mkwe alikuwa akikaa kwenye kibanda chake, ng'ambo ya uwanja wetu. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, jicho moja kwanza, kisha la pili likafuata. Alificha kwa muda mrefu. Alijua uwanja wote kwa miguu, akafagia, akapika, akachambua mboga, na mtu asiyemjua hangegundua. Siku moja alipokuwa akiipua uji, mguu ukagonga figa, chungu kikamponyoka na uji ukamwagikia mguuni. Mume wangu alipotoka mikokoni akamkuta nimemlaza, nimempaka asali, hakuuliza mengi. Aliingia kibandani akatoka na kitanda cha mama yake kichwani, akakiingiza kwetu.

Hapo ndipo nilipoijua nyumba yetu ilivyokuwa mbaya. Mwenye macho alijua kukwepa. Mama alitembea ametanguliza mikono, na fito zilizochomoza zikamchoma viganja. Sakafu ilikuwa udongo mbichi wenye mashimo na visiki vya nyasi, na kila siku alijikwaa. Hakulalamika. Alisema tu, "Nyumba hii haijanizoea," akakaa kitandani. Mwanamke aliyekuwa hakai chini sasa alikuwa hasimami.

Mpunga ulipoanza kuchanua, wifi yangu akaja. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, ameolewa Kibiti na mwenye duka, na nyumba yao ilikuwa ya sakafu ya saruji. Alikuja kumjulia hali mama yake. Aliuangalia mguu, ulikuwa unapona. Kisha akaiangalia nyumba, polepole, kuta mpaka sakafu, nami nikasimama pale nimeshika ufagio kama mtu anayehukumiwa.

"Wifi yangu," alisema, na hakusema kwa ubaya, "sikulaumu wewe. Lakini hapa ni pahala pa kumweka mtu asiyeona?"

"Tutakandika," nikasema.

"Lini? Ndugu yangu huyu namjua. Na wewe una mpunga, una ndege. Nitarudi mkimaliza kuvuna. Nikikuta bado hivi, namchukua mama."

Mama alikuwa kitandani anasikia kila neno. Wifi alipokwisha kuondoka, mama alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda. Kisha akasema, "Kibiti sina mtu wa kuniambia maji yamejaa au yametoka."

Nikamwambia mume wangu maneno hayo jioni. Aliinama akakuna kidevu. Alisema angekuwa akitoka mikokoni na kuchimba udongo kabla ya kula. Lakini udongo unataka mtu wa kuukanyaga na kuupaka mchana kutwa, na mchana kutwa mimi nilikuwa dunguni. Dungu ni kile kibanda chetu cha shambani, kimenyanyuliwa juu ya miti mirefu kwa ajili ya maji na nguruwe, na mlinzi hukaa humo toka kunapopambazuka mpaka jua linazama, anavuta kamba zilizofungwa makopo ili kuwafukuza ndege. Ukiondoka kidogo, ndege wamekwisha kula chakula cha mwaka.

Mama ndiye aliyelifungua fundo hilo. Asubuhi nilipokuwa najitayarisha kwenda shamba, alikuwa amekwisha vaa kaniki yake na kujifunga kichwa.

"Nipeleke dunguni," akasema.

"Mama, ngazi ile—"

"Ngazi ile nimeipanda kabla mumeo hajazaliwa. Ndege nilikuwa siwaoni hata nilipokuwa na macho, wadogo mno. Nilikuwa nawasikia."

Mume wangu alikataa katakata. Akasema mama akianguka, dada yake hatamsamehe maisha. Mama akamwambia, "Basi simama chini unidake," akaanza kutembea kuelekea shamba peke yake, tukamfuata. Pale chini ya dungu alishika mti wa kwanza wa ngazi, akaupima kwa kidole gumba, akapanda. Alipanda upesi kuliko mimi. Mume wangu alisimama chini amefungua mikono kama mtu anayesubiri nazi. Juu kule mama alizipapasa kamba, akaijua kila moja inakwenda pembe gani, akakaa kitako akanyamaza. Sisi hatukusikia kitu. Ghafla akavuta kamba ya upande wa mto, makopo yakalia, na wingu la ndege likainuka kutoka pahala ambapo mimi nilikuwa natazama na sikuona lolote.

"Nendeni mkakandike," akasema.

Kwa hiyo nilipata siku zangu. Asubuhi nampandisha dunguni na chakula chake na ukindu wa kusuka, kisha narudi nyumbani. Nilichimba kishimo uwanjani, nikaloweka udongo, nikaukatia mabua ya mpunga ya mwaka uliopita, nikaukanyaga mpaka miguu ikashikana. Nikaanza na chumba cha mama. Udongo wa kwanza niliujaza kati ya fito, nikauacha ukauke na kupasuka. Wa pili, wa kusiriba, nilitaka uwe laini, kwa hiyo nilikwenda kuuchukua kwenye kichuguu upande wa juu wa kijiji, nikaupepeta kama unga. Mama alipotelemka jioni nilimwongoza mkono mpaka ukutani. Aliupitishia kiganja juu mpaka chini.

"Hapa pana donge," akasema. "Na hapa. Na hapa ulichoka."

Alisema kweli. Pale nilikuwa nimechoka.

Chokaa sikuiacha. Niliitaka tangu siku ya kwanza, na chokaa haikuhitaji duka. Mume wangu alinikusanyia makombe ya chaza, tukayarundika juu ya magogo tukayachoma kutwa, na yaliposagika tukayatia maji yakachemka yenyewe. Nilipaka ukuta mmoja wote, nikarudi nyuma nikautazama, nikacheka peke yangu kwa furaha. Mama akaja akaushika, kisha akajifuta uso. Akatoka nje mweupe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mnacheka nini?" mama akauliza.

Tulipomwambia akacheka na yeye, lakini nikaona kwamba haitafaa. Mtu anayetembea kwa mikono hawezi kukaa na ukuta unaotoka rangi. Nikafikiri siku nzima. Mwisho nikaikwangua chokaa yote ya chini, nikaiacha kutoka begani kwenda juu tu. Huku chini nilisiriba upya kwa udongo niliouchanganya na maji ya magome ya mkoko, yale mekundu, kisha nikausugua kwa jiwe la mto mpaka ukang'aa na hautoki hata ukiusugua kwa kitambaa. Ukuta ukawa mweupe juu na mwekundu chini. Nilifanya hivyo kwa sababu ya viganja vya mama, lakini majirani walipouona waliuliza ni mtindo wa wapi.

Tondo nazo zilikuja hivi hivi. Tondo ni wale konokono warefu wa mikokoni. Tulikuwa tumewala, na maganda yamejaa nyuma ya jiko. Udongo wa mlangoni ukiwa bado mbichi niliyabandika machache pembeni ya mlango, mgongo nje, kwa urembo tu. Jioni ile mama alipopita, mkono wake uliyagusa ukasimama.

"Hapa ni mlangoni?"

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Si umeniwekea alama?"

Sikumwambia kwamba sikuwa nimemfikiria. Kesho yake nililowesha ukuta tena, nikayapanga maganda mstari mmoja, usawa wa kiuno chake, kutoka kitandani mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka pembeni ulipokaa mtungi. Mbele ya mtungi niliyapanga mawili mawili, ajue amefika.

Sakafu aliisimamia yeye. Mimi na mume wangu tuliitwanga kwa vipande vya miti, mama amekaa mlangoni, anasikiliza. Kila palipolia tofauti alinyoosha kidole, "Hapo bado," tukarudia. Ukindu aliousuka dunguni tuliushona ukawa mkeka laini, tukautandika kando ya kitanda chake. Mlangoni tukaweka jamvi kuukuu, gumu, ili mguu wake usichanganye. Na ukuta ulipokwisha kauka nilizitoa sahani za shangazi kwenye pakacha, nikazitundika kwenye ile chokaa ya juu ambako hakuna mkono utakaozigonga.

Tulivuna. Mpunga ulikuwa mwingi kuliko mwaka wa kabla, na mume wangu alikuwa akimwambia kila mtu kwamba ndege wanamwogopa mama yake.

Wifi alifika tukiwa tunapura. Alikuja na mtumbwi mkubwa, na ndani yake godoro, nikajua kwamba godoro lile ni la kumchukulia mama. Alisimama mlangoni, akaita, "Hodi!" Mama akajibu kutoka ndani, "Karibu, mwanangu," na hakutokea mara moja. Tukasikia kata ikigonga mtungi. Kisha akaja, kidole kimoja ukutani, anatembea mwendo wake wa zamani, ameshika kata ya maji haimwagiki.

"Unywe," akamwambia binti yake. "Jua kali."

Wifi aliinywa yote amesimama. Alipomaliza aliiweka kata chini, akaingia. Alishika ukuta. Aliufuata mstari wa tondo kwa mkono mpaka mtungini, akarudi nao mpaka kitandani, na pale akakaa juu ya mkeka, chini, kama msichana wa nyumba.

"Nani amefanya hivi?"

"Sisi," mama akasema. "Mimi nililinda ndege."

"Ulipanda dunguni?" Wifi akamgeukia ndugu yake, na mume wangu akapata kazi ya ghafla uwanjani.

Hakumchukua mama siku ile. Alikaa nasi akatusaidia kupura, na jioni ya mwisho mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende. Nikutembelee, niwaone wajukuu. Lakini nitarudi." Akaondoka juu ya lile godoro. Nyumba ikawa kubwa. Sikuwahi kufikiri kwamba ningesikia upweke kwa kukosa mtu wa kuniambia nilipochoka.

Alirudi kabla ya masika. Tabibu wa zahanati kule alikuwa amemtazama, akasema macho yale yanataka hospitali kubwa, Dar es Salaam, na mama alisema amesikia, na hakwenda. Aliiongelea zaidi nyumba ya Kibiti.

"Nzuri sana," alitwambia tukila. "Baridi. Safi. Lakini sakafu yote ni ile ile, kuta zote ni zile zile. Siku moja nilimsalimu mtu ukumbini, hujambo, hujambo, haitiki. Nikasema huyu mkwe gani mwenye kiburi namna hii. Kumbe ni pipa la maji."

Alipokwenda kulala nilimfuata hadi chumbani, maana alipokuwa hayupo nilikuwa nimemfanyia kitu. Juu ya kichwa cha kitanda nilibandika ua la maganda ya kauri, madogo, laini, nililolipanga kwa siku kadhaa, nikilibomoa na kulirudia. Mkono wake ulilikuta kabla sijasema. Ulizunguka mara moja, ukazunguka tena.

"Hiki nini?"

"Ua, mama."

"Ua gani hili? Hili yai." Akalipapasa tena, akavuta khanga yake miguuni. "Kesho uliloweshe, nikuonyeshe ua linavyokaa."

Asubuhi nikalilowesha.