Sungura Aliyejinyonyoa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyoimalizia jalalani nikiokota manyoya ya sungura kwa vidole, huku mama yangu mkubwa amesimama nyuma yangu. Nitakueleza nilifikaje pale, maana nasikia nawe umechukua sungura wawili walioachwa na mpangaji hapo Chanika, mmoja ana kipara mgongoni, na tayari unaulizia dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, tunakaa Mazinde, baba akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Karani mmoja alihamishwa, akaondoka na vitanda vyake na kuku wake, sungura wawili akawaacha bandani, dume na jike. Siku ya tatu nikaenda kuwachukua. Nyumbani walinicheka, wakasema nimeleta mboga isiyoshibisha mtu. Lakini niliwapenda, sioni haya kulisema. Sikuwahi kuwa na kitu hai kilicho changu peke yangu.

Dume alikuwa amenyonyoka masikioni na puani, ngozi imefanya magamba, anajikuna kutwa. Baada ya wiki tatu nikaona jike naye kifua na tumbo viko wazi, na kona ya banda imejaa manyoya. Nikasema basi, ameambukizwa. Kuuliza si ujinga, nilikuwa nikiimbiwa tangu mtoto, ila siku hiyo sikumuuliza mtu. Pale mkongeni mbwa akipata upele hupakwa oili chafu ya trekta, kila mtu anajua. Nikaenda karakana na kopo langu. Nikawapaka wote wawili, jike nikamzidishia, tumbo zima, kisha nikafagia manyoya yale nikayatupa jalalani. Nilijiona daktari.

Jioni mama mkubwa akashuka kutoka Soni kuja kutusalimia. Yeye alifuga sungura miaka mingi. Tukiwa tunakula akaniuliza, "Hao sungura wako wanaendeleaje?"

"Wazima, mama mkubwa."

Nilijua si wazima. Jike alikuwa amekataa matembele tangu mchana, kazi yake kujilamba ile oili tu. Lakini niliogopa kuchekwa tena, nikaendelea kumega ugali. Mficha maradhi kilio humfichua.

Alfajiri nikakuta vitoto sita, vitupu kama vidole, juu ya mbao kavu. Vinne vilikuwa vimekwisha kupoa. Nikamwita mama mkubwa. Akainama, akanusa, akaelewa.

"Hakuwa mgonjwa huyu," akasema. "Sungura akikaribia kuzaa hujinyonyoa kifuani, awatandikie wanawe. Wewe umekifagia kitanda chake, ukampaka uchafu pale pale watakaponyonya. Nenda kayalete hayo manyoya, popote ulipoyatupa."

Ndipo nilipokwenda jalalani, naye akanifuata nyuma. Hakunigombeza. Alimwosha jike kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akamfuta kwa kanga yake mwenyewe, vitoto viwili akavifunika kwa manyoya niliyookota. Alipomaliza akanitazama, akasema, "Ungeniambia jana tukila, tungemwosha akiwa bado ana nguvu."

Jike alikufa jioni yake. Kitoto kimoja kikamfuata. Kilichobaki nilikinyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, usiku na mchana, na kilikua. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini juu ya sungura yule nililia, tena sana.

Na dume? Naye tulimwosha ile oili, kisha nikambeba kwenye kikapu hadi kwa bwana mifugo Korogwe. Akasema ni utitiri unaochimba ngozi, akampima uzito, akamchoma sindano ya dawa kidogo mno, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Banda nililisugua kwa maji ya moto, nikalianika juani, takataka za zamani nikazichoma. Manyoya yakaota. Angalia basi: vipara viwili, banda moja. Mmoja alihitaji sindano, mwenzake alihitaji majani makavu na kuachwa peke yake.

Kwa hiyo, mwanangu, hiyo dawa ya ng'ombe iache dukani. Sungura hujilamba, unachompaka ndicho unachomlisha. Mshike, mfunue manyoya, utazame. Pana magamba? Pamelowa mkojo kwa sababu banda ni chafu? Au ni mgongo uliotafunwa na mwenzake kwa kubanana? Watenganishe kwanza, uwape majani makavu ya kutosha, halafu umwite afisa mifugo, na asije akakukuta umeshapaka kitu. Huruma uliyo nayo ni nzuri, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini huruma yenye haraka nayo huua.

Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku ile ile. Kopo la oili najisamehe, nilikuwa sijui. Lile neno "wazima" nililisema nikijua, na hadi leo ndilo linaloniuma.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kutazama na ulimi usioona haya kuuliza, na hao viumbe wawili wapone mikononi mwako.