Besi bila wenzake

Leo nimeombwa wimbo. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mama Neema, jirani yangu muuza mboga hapa Mwembesongo, alikuja mchana.
"Shikamoo mzee. Marehemu mama alikuwa akisimulia alivyocheza muziki wa bendi yenu ya jazi ilipofika kijijini kwao Kisaki, enzi za Ujamaa. Naomba nisikie wimbo mmoja tu."

Nilifurahi, jamani.
Nikachukua gitaa langu la besi, nikapiga ule uliokuwa ukiinua kijiji kizima.

Mimi nilisikia kila kitu kichwani.
Saksafoni ya Saidi. Tumba za Kobelo. Gitaa la solo la Patrisi, ambaye tumemzika juzi, nikabaki peke yangu katika bendi.

Mama Neema alikuwa akisikia besi tu, mikono mapajani.
Kisha akauliza taratibu, "Mzee, wimbo unaanza lini?"

Nikamwambia, "Tumeshafika katikati, mwanangu."

Hakucheka. Akasogeza kigoda karibu, akasema, "Basi endelea."
Nikaendelea hadi mwisho. Akashukuru, akaenda kwenye mboga zake.

Kama humu kwenye kundi yupo aliyewahi kuucheza wimbo ule, aniandikie.
Hata kama anakumbuka kipande cha saksafoni tu.