Chupa ya Mama Mudogo

Juzi mjukuu wangu wa kike alirudi kutoka studio kule Kikula, viatu vimejaa vumbi, simu mkononi. "Nkambo, sikia! Niko mu mwimbo!"

Nikaweka chini mboga ya lengalenga niliyokuwa nachambua, nikatega sikio. Mwanaume anaimba. Analia juu ya mke wake: nimetoka kazini, jiko nimekuta baridi, mwanamke gani huyu. Nikangoja. Anaimba tena. Nikangoja.

"Sasa weye uko wapi?"

"Pale nyuma, Nkambo! Akimaliza tunaitika: ee baba, umufukuze. Ile ni sauti yangu!"

Akacheka kwa furaha. Mimi aibu ikanipanda kutoka miguuni, maana mwimbo ule naujua. Ulizaliwa uani kwetu, na haukuwa hivyo.

Kaa, nikueleze. Shule sikuenda sana, lakini masikio yangu ni mazima.

Nilipokuwa mtoto tulikaa hapa hapa Likasi, katika nyumba za kampani ya shaba, ukuta mmoja kati ya jirani na jirani. Ukikaanga samaki, mtaa mzima unameza mate. Mama mudogo, mdogo wake mama yangu, alikaa nasi pamoja na mume wake. Kila Jumamosi alifua nguo za kazi za wanaume, maji yanatoka mazito, rangi ya kutu, na huku anasugua anatunga. Hakuandika kitu. Aliwatukana wanaume kwa sauti tamu mpaka wenyewe wanacheka. Mwimbo ule ulianza hivi: jiko ni baridi, bwana, makala umeyanywa. Kila mke pale alijua ni baa gani iliyokunywa pesa yake ya makaa.

Jumapili mchana jirani mmoja alikuja na gitaa. Mama mudogo alishika chupa tupu ya limonadi, akaigonga kwa msumari, ti-ti-ta, ti-ti-ta. Bila chupa ile gitaa lilichechemea kama kuku aliyefungwa mguu. Mama aligawa kinywaji cha munkoyo, bado una harufu ya mizizi yake, na sisi watoto tulicheza mpaka vumbi likaingia kwenye bukari, ugali wetu.

Basi mtu wa redio akaja na mashine ya kunasa sauti. Mama mudogo akavaa kitenge chake kipya, akajipaka mafuta, akang'aa. Mume wake akamtazama.

"Unaenda wapi?"

"Kuimba."

"Sauti yako iingie mu kila nyumba? Bantu batasema bibi yangu ni wa baa."

Hakupiga kelele, wala hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linaloniuma. Wamama wote waliokuwa uani, mama yangu naye, walitikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, mudogo. Wachia banaume."

Jirani akaimba yeye. Lakini mwanaume atajitukanaje kwa kinywa chake? Akayageuza maneno. Mlevi akatoka, mke mvivu akaingia. Kwa chupa walijaribu mwanaume huyu na yule, mapigo ya wote yakatangulia gitaa. Ikabidi wamwite. "Kuja, mudogo. Piga chupa, lakini kinywa ufunge."

Akapiga, midomo ameibana kama mtu aliyeshika pini za nywele.

Siku mwimbo ulipotoka redioni, mtaa mzima ulicheza. Jirani akawa mtu mkubwa. Sisi watoto tulizunguka kwenye majiko ya mama zetu tukiimba "umufukuze, umufukuze!", na wamama walicheka. Mama mudogo alisonga bukari yake tu. Tangu hapo, Jumamosi ukipita uani unasikia maji peke yake.

Nilimweleza mjukuu wangu yote hayo. Akazima simu.

"Na weye," nikamuuliza, "hukuomba kuimba mbele?"

"Niliomba. Bakasema banamuke banafaa ku nyuma. Ni kawaida, Nkambo."

Kawaida! Neno lile lilinichapa usoni. Mimi ninayejisifu mtaani kwamba nimelea watoto wenye akili, mjukuu wangu anamfukuza mama mudogo kwa sauti nzuri, na anaona ni kawaida.

Akaniangalia. "Basi unipe maneno yake. Ya kweli. Nitayaimba mbele, bakikataa bataniona."

Nikaokota chupa, nikatafuta kijiko. Mkono haukusahau: ti-ti-ta, ti-ti-ta. Mtoto akawasha simu, inanasa. Nikaimba: jiko ni baridi, bwana, makala umeyanywa.

Halafu?

Maneno ya jirani ninayo yote, mpaka lile la mwisho. Nimeyaimba maisha yangu yote, nikipika, nikibembeleza watoto. Ya mama mudogo nimebaki na mstari ule mmoja tu. Mengine yalikwenda na maji ya kufulia, na wote waliokuwa uani wamekufa.

"Endelea, Nkambo," mtoto akasema.

Nikaendelea. Nilipiga chupa, kinywa kimefungwa.